Nimehamia Uingereza, natamani kutembea mashambani ila naogopa kupita kwenye mashamba ya watu, naombeni ushauri

BintiSahare:
Habari za humu ndugu zangu. Mi ni mzaliwa wa Tanga, sa hivi naishi Chesterfield huku Derbyshire, mwaka wa pili huu, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mwaka wa kwanza kusema ukweli sikuona kitu, natoka kazini napasha chakula nalala, na niliamini kabisa hii nchi haina kiumbe zaidi ya njiwa na mbwa wa watu.

Sasa Septemba iliyopita natoka shifti ya jioni, saa tano usiku hivi, nikasikia kitu kinakoroma chini ya ua wa jirani kama mtu mwenye mafua, kuwasha tochi ya simu kumbe kalunguyeye. Akajikunja, akatulia, baadae akatoa pua, nyeusi imelowa inachezacheza, akaendelea kula konokono wake, nikasikia kabisa gamba linavunjika. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi. Toka siku ile kila nikitoka naangalia. Kuna ndege mdogo ana kifua cha rangi ya chungwa, Januari yote anaimba usiku kwenye taa za barabarani wakati wenzake wako kimya, wanamwita robin, nampenda sana huyo.

Shida yangu ni hii. Nyuma ya kazini kuna kibao kimeandikwa Public Footpath, yaani njia ya umma ya waendao kwa miguu, njia inaingia getini inakatiza katikati ya shamba la kondoo la mtu. Nimefika pale getini mara tatu nikarudi. Kwetu huwezi kuingia shamba la mtu bila hodi, sasa hapa hodi nampigia nani? Na mi ni mwanamke mweusi niko peke yangu, akitokea mwenye shamba nitamwambia nini? Wenzangu kazini wanasema we nenda tu, lakini wao wamezaliwa hapa. Wenye uzoefu nisaidieni.

Mzee_wa_Lushoto:
Binti yangu, hapo hodi haipigwi. Shamba ni lake, ila njia ile kupita ni haki ya kila mtu kisheria, iwe raia iwe mgeni, na yeye haruhusiwi kuifunga. Fuata mishale ya njano, hiyo ni ya waendao kwa miguu, ya bluu ni njia ya farasi na baiskeli pia lakini na wewe unapita. Geti ukilikuta limefungwa lifunge, ukilikuta wazi liache wazi. Nunua ramani ya Ordnance Survey ile ya 1:25,000, njia zote hizo zimechorwa kwa vistari vya kijani, utashangaa zilivyo nyingi hapo ulipo.

Na ujue uko jirani na wapi. Aprili 1932 vijana wa viwandani Manchester walipanda mlima Kinder Scout kwa mamia bila ruhusa, maana milima ile ilikuwa imefungiwa matajiri wawinde ndege, watano wakatupwa jela. Mwaka 1951 eneo hilohilo, Peak District, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini humo, na toka sheria ya mwaka 2000 sehemu kubwa ya nyika za kule juu unatembea hata nje ya njia. Watu walilala jela kwa ajili ya kutembea tu mwanangu, usirudi tena getini.

Kamanda77:
Ongeza shifti utume hela nyumbani dada, ndege hata Tanga wapo

OtienoLeeds:
@Kamanda77 mtu anafanya kazi ya kuinua wazee siku sita, ya saba aachwe apumue bwana.

Dada, kondoo hawana neno, chunga ng'ombe. Ng'ombe mwenye ndama usipite katikati yake na mtoto wake, zunguka mbali hata kama ni kuacha njia, mimi walinikimbiza mpaka nikaruka ukuta wa mawe nikachanika mkono. Ingine ni kupe. Nyasi ndefu zikianza ingiza suruali ndani ya soksi, ukirudi jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwa nywele. Ukimpata mshike karibu na ngozi na kibanio chembamba umvute wima polepole, usimpake mafuta wala kumchoma. Halafu wiki zinazofuata ukiona duara jekundu linapanuka kwa ngozi nenda kwa daktari mara moja, kuna ugonjwa wa Lyme na dawa yake ni antibayotiki, usikae nayo.

MamaZuhura_Sheffield:
Mdogo wangu hiyo hofu naijua. Sikudanganyi, kuna siku utaangaliwa. Lakini njiani kule watu wanasalimiana kuliko mjini, wewe wahi kusalimia, na mara za kwanza mtumie mtu lokesheni yako. Halafu kalunguyeye wako usimpe maziwa, yanamharisha, mwekee maji kwenye kisahani na chakula cha paka. Baridi ikianza anaenda kulala mpaka machipuko.

BintiSahare:
Mzee wangu shikamoo, na wote asanteni. Nimeenda leo! Nimefungua geti, nikafunga, nikaenda. Mwenye shamba nilimkuta anatengeneza ukuta, nikamsalimia, akaniambia kule juu kuna matope nipite kushoto, basi.

Lakini kilichonitoa machozi ni kingine. Kule juu kwenye nyasi za kahawia nikasikia sauti inapanda kama filimbi inayochemka, nikamwona ndege amesimama kama hatua thelathini, miguu mirefu, mdomo mrefu umepinda chini kama sindano ya kushonea magunia. Ni membe! Membe hawahawa tunaowaona Sahare maji yakipwa wanachoma matope, mimi na bibi yangu tunaokota kombe. Huku wanaita curlew. Jamani, ndo wale wale?

Mzee_wa_Lushoto:
Marahaba. Ni kabila moja, ila hao wa kwako wakimaliza kuzaa huko milimani wengi wanashuka pwani za hukohuko Uingereza kukaa baridi yote. Wale wa Tanga wanatoka mbali, Siberia. Sasa hivi wanataga, tena chini kwenye nyasi, ndo maana usitoke njiani kipindi hiki, na ukiona mtu ana mbwa mwambie amfunge kamba.

MamaZuhura_Sheffield:
Nimesoma habari ya bibi na kombe nikaacha kupika. Jumapili ijayo niko ofu, panda basi la Bakewell asubuhi tukutane huko, nakuja na chapati na chai ya kwenye chupa. Njoo na buti.