Naomba ushauri: chemba inafurika, lami inaliwa, nianzie ofisi gani?

Wakuu, habari za leo, na wakubwa shikamooni. Nipo Ngamiani, Tanga. Chemba ya majitaka mbele ya kibanda changu cha chapati inafurika tangu masika yaanze. Mfuniko umepasuka, tumechomeka tawi la mwembe ili bodaboda wasitumbukie. Maji yamekula lami mpaka shimo linameza gurudumu la bajaji. Ofisi niliyokwenda wamenijibu, "Mama, hilo si letu," basi. Najua tangu 2017 barabara za mitaa ziko TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na majitaka ni ya mamlaka ya maji. Sasa hapa kimoja kinabomoa kingine, nianzie wapi? Barua ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa au niipeleke mwenyewe? Wateja wanakula wameziba pua, jamani.