Maombi ya makazi ya kudumu Kanada (Express Entry): kazi ya zamani isiyo na barua, miezi bila ajira na mtoto ambaye hatasafiri

FundiWaChangamwe aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni fundi umeme wa viwandani, naishi Changamwe, Mombasa, nina stashahada ya uhandisi wa umeme, na wasifu wangu wa Express Entry umekwisha kukubaliwa chini ya Mpango wa Shirikisho wa Wafanyakazi Wenye Ujuzi. Mwaliko wa kuomba makazi ya kudumu sijaupata bado, ila najua kwamba ukija nitakuwa na siku 60 tu za kuwasilisha maombi kamili, na nisingependa siku hizo zinikute nikihangaikia karatasi. Yapo mambo manne yanayonitatiza.

La kwanza ni kazi niliyoifanya Doha kuanzia Aprili 2017 hadi Juni 2020. Mwajiri alinipa cheti cha utumishi cha mistari mitatu kwa Kiarabu, chenye jina langu, cheo na tarehe, basi. Nimewaandikia kuomba barua inayoeleza majukumu, saa za kazi na mshahara, lakini hawajibu. La pili ni kwamba tangu niliporudi hadi Machi 2021, nilipoajiriwa katika kiwanda ninachofanyia kazi mpaka leo, sikuwa na ajira. Nilikuwa nikipata vibarua vya kufunga nyaya za umeme majumbani. Rafiki yangu ananishauri nisogeze mbele tarehe ya kumaliza kazi ya Doha ili pengo hilo lisionekane.

La tatu, nina mke na mtoto mmoja, na nina mtoto mwingine wa miaka 11 anayeishi Kilifi kwa mama yake, ambaye hatahama nasi. Rafiki huyo huyo anasema nikimwandika ninajiongezea mzigo bure. La nne ni fedha: sehemu kubwa ya akiba yangu iko kwenye Sacco, na nina kiwanja Mtwapa. Naomba mwongozo wa waliokwisha kupita njia hii.

Dada wa Edmonton alijibu:

Ndugu, nianze na mtoto, kwa sababu kati ya hayo manne ndilo jambo ambalo likiharibika halitengenezeki kirahisi. Kwa sheria ya Kanada, mtoto wako wa chini ya miaka 22 ambaye hajaoa wala kuolewa ni mtegemezi wako, awe anaishi kwako au kwa mama yake, na fomu inakutaka umtaje hata kama hatasafiri. Unamwandika kwa jina lake kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha unachagua kwamba hatafuatana nawe. Naye pia atatakiwa kupimwa afya na daktari aliyeidhinishwa na uhamiaji wa Kanada, kwa hiyo zungumza na mama yake mapema na kwa heshima, kwa kuwa bila ridhaa yake mtoto hatafika kwa daktari huyo. Tangu 21 Agosti 2025 vipimo vya afya vya waombaji wa Express Entry hufanywa kabla ya kuwasilisha maombi. Si kama zamani, ulipokuwa ukisubiri kuitwa.

Kinachomponza mtu anayeuficha ukweli huu ni kifungu cha 117(9)(d) cha Kanuni za uhamiaji. Mtoto ambaye hakutajwa na hakupimwa wakati mzazi anapata makazi ya kudumu hahesabiwi tena kuwa wa familia hiyo kwa ajili ya kudhaminiwa. Leo ana miaka 11 na mambo ni shwari Kilifi. Akifika 17 akataka kuja kusoma na kuishi kwako, au mama yake akapatwa na jambo, mlango huo utakuwa umeufunga wewe mwenyewe. Juu ya hayo, kuficha taarifa muhimu kunaweza kuhukumiwa kuwa udanganyifu chini ya kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji, na adhabu yake ni kuzuiwa kwa miaka mitano. Kifungu hicho hicho ndicho kitakachokushika ukisogeza tarehe za Doha, kwa hiyo ushauri wa rafiki yako uuache huko huko ulikotoka.

Kuhusu kazi ya Doha yenyewe, kabla hujaisumbukia, jiulize kama unaihitaji. Katika mfumo wa kupanga waombaji, yaani CRS, uzoefu wa kazi wa nje ya Kanada hufikia kilele ukiwa na miaka mitatu au zaidi. Kiwandani ulipo uko tangu Machi 2021, kwa hiyo miaka hiyo unayo tayari bila Doha. Inapoweza kukupunguzia ni kwenye jedwali la alama 67 kati ya 100, lile linalopima kama unastahili Mpango wa Shirikisho wenyewe: miaka minne hadi mitano hupewa alama 13, na sita au zaidi 15. Ukiondoa Doha unapoteza alama mbili hapo, basi. Piga hesabu uone kama 67 bado unazifikisha. Ukizifikisha, kazi ya Doha usiiombee alama, iache kwenye historia binafsi tu, ambako kila ulichokifanya lazima kionekane, na ueleze hivyo katika barua ya maelezo utakayoambatisha.

Mwana wa Pangani alijibu:

Ninakubaliana na Dada kuhusu mtoto, ila kuhusu Doha nina mashaka kidogo. Ikiwa ndugu yetu amekwisha kuiweka kazi hiyo kwenye wasifu kama uzoefu anaouombea alama, nadhani ni heri arekebishe wasifu sasa hivi, kabla ya mwaliko, kuliko kuibadilisha baadaye na kumwachia afisa maswali. Na ikiwa anazihitaji zile alama mbili, bado ipo njia: mkataba wa kazi, hati za malipo ya mshahara, taarifa za benki zinazoonyesha mshahara ukiingia kila mwezi, nakala ya kibali cha ukaazi cha Qatar, pamoja na maelezo ya kiapo ya msimamizi au mwenzake wa kazini anayeyajua majukumu yake. Aambatishe na zile baruapepe zisizojibiwa, kusudi afisa aone kwamba barua iliombwa. Afisa ana hiari ya kuyakubali au kuyakataa hayo yote, na hiyo ndiyo sababu mimi ningeyatumia tu pale ninapolazimika.

Pengo la 2020 lisikutishe. Fomu haikatazi mtu kukosa kazi. Inachokataa ni mwezi usio na maelezo. Historia binafsi ni ya miaka kumi iliyopita, au tangu ulipotimiza miaka 18 ikiwa ni karibu zaidi, na miezi inapaswa kushikana: kazi ya Doha iishie Juni 2020, na mstari unaofuata uanze Juni hiyo hiyo, uandike kwamba ulikuwa huna ajira, au kwamba ulijiajiri kwa vibarua vya umeme, kadiri ilivyokuwa kweli, mpaka Machi 2021. Vibarua hivyo usiviombee alama kama huna ankara wala barua za wateja. Kisha uilaze historia hiyo kando ya historia ya makazi na kurasa za pasipoti zenye mihuri, uone kama zinasema kitu kimoja. Mara nyingi tatizo hujitokeza hapo: mtu ameandika yuko kazini Doha mwezi ambao muhuri unaonyesha alikwisha kutua Moi.

Jambo jingine, nalo linatupata sana sisi wa Afrika Mashariki. Kwenye anwani usiandike sanduku la posta. Ndiyo anwani tunayoitumia kwenye kila barua, lakini wanachotaka kujua ni mahali ulipolala. Andika nyumba, barabara na mtaa. Kama nyumba haina namba, eleza ilipo, kwa mfano jina la jengo au shule iliyo karibu.

Vyeti vya polisi navyo vina mpangilio wake. Kila nchi uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita inadai cheti. Cha Qatar uanze kukitafuta leo, maana kwa nchi uliyokwisha kuondoka sharti ni kwamba kiwe kimetolewa baada ya wewe kuondoka, na kukipata ukiwa mbali kunachukua muda. Cha Kenya ni kinyume chake: kwa nchi unayoishi sasa, kisiwe kimetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kuwasilisha maombi. Ukikichukua mapema mno kitachacha ukiwa bado unasubiri mwaliko. Kile cha DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya, unakiombea eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu ya C24, unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Jiandae tu na nakala zako ili mwaliko ukija uende siku hiyo hiyo.

HesabuZaNairobi alijibu:

Mimi niko upande wa benki, kwa hiyo nitajibu la fedha peke yake. Hesabu ya familia hujumuisha mke na watoto wote wategemezi, hata wasiosafiri, kwa hiyo nyinyi ni watu wanne. Katika jedwali lililotolewa 2025, watu wanne walitakiwa kuwa na dola za Kanada 28,362, na watatu 23,360. Tofauti hiyo ya dola elfu tano ndiyo pengine rafiki yako anaiita mzigo. Jedwali hubadilishwa kila mwaka, kwa hiyo usome lililopo siku unapowasilisha.

Kiwanja cha Mtwapa hakihesabiwi. Thamani ya ardhi si fedha mkononi. Akiba ya Sacco inategemea. Zile amana zinazoshikilia mikopo yako na ya uliowadhamini, ambazo huzipati mpaka ujitoe uanachama, kwa maoni yangu usizitegemee, kwa kuwa sharti ni fedha unazoweza kuzichukua na kuzitumia. Kuchukua mkopo wa Sacco ili uijaze akaunti ya benki pia hakuruhusiwi, kwa sababu fedha za kukopa hazikubaliki, na barua ya benki yenyewe inatakiwa kutaja madeni uliyonayo. Barua hiyo iwe kwenye karatasi yenye nembo ya benki, ionyeshe namba za akaunti, tarehe ya kila akaunti kufunguliwa, salio la sasa na wastani wa salio kwa miezi sita iliyopita. Wastani huo ndio unaosema ukweli: milioni mbili zilizoingia wiki jana haziwezi kuubeba. Kama utajitoa Sacco, jitoe sasa, fedha zikae benki, na uhifadhi barua ya malipo kutoka Sacco ili uweze kueleza zilikotoka.

FundiWaChangamwe aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimepiga hesabu ya alama, na bila Doha ninabaki na 70, kwa hiyo nitarekebisha wasifu wiki hii. Mtoto nitamwandika, mama yake nimezungumza naye na hana pingamizi. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kiwandani cheo changu kwenye mkataba ni Afisa wa Matengenezo, ilhali mimi nimejaza namba 72201, ya mafundi umeme wa viwandani. Je, wataona ni uongo? Na kile cheti cha Doha, mjomba wangu ni mwalimu wa Kiarabu pale Mji wa Kale. Anaweza kunitafsiria?

Dada wa Edmonton alijibu:

Cheo si hoja kubwa. Wanachokipima ni majukumu. Mwombe afisa wa rasilimali watu aandike barua yenye cheo hicho hicho cha mkataba, bila kukibadilisha, kisha aorodheshe kazi unazozifanya: kufunga na kukarabati mota, kusoma michoro ya umeme, kupima saketi, kutafuta hitilafu kwenye paneli za mitambo. Ataje na mashine zenyewe za kiwanda chenu. Barua iliyonakili neno kwa neno maelezo ya NOC, yaani orodha rasmi ya kazi ya Kanada yenye namba hiyo 72201, humtia afisa shaka, kwa sababu ameshaisoma mara nyingi kutoka kwa watu wengine. Kwenye barua hiyo pasikosekane saa kwa wiki, mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu, tarehe ya kuanza, na jina, cheo, simu na sahihi ya anayeitoa. Na namba ya simu iwe ya mtu atakayeipokea.

Mjomba hapana. Tafsiri ya ndugu wa karibu haikubaliwi, na mjomba ametajwa waziwazi katika orodha hiyo, hata angekuwa mtafsiri mwenye cheti. Cheti cha Doha kikienda kama kiambatisho, tafuta mtafsiri asiye jamaa yako, ale kiapo cha usahihi mbele ya kamishna wa viapo, kisha upakie vitu vitatu katika faili moja: nakala ya Kiarabu, tafsiri ya Kiingereza na hati ya kiapo. Mjomba anaweza kuisoma tafsiri hiyo kabla hujalipa, aangalie kama jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, maana majina yetu yakipita kwenye Kiarabu na kurudi huja na herufi nyingine.