Mrejesho: Unguja–Pemba, nilikaa kushoto

Assalaam alaykum. Niliuliza hapa nikae upande gani kwenye ndege ya asubuhi ya Unguja kwenda Pemba ili nione mandhari vizuri. Wengi mkasema kushoto. Nimekwenda, nimerudi, ahsanteni.

Tiketi haina namba ya kiti, nikajipenyeza mbele kama mtoto anayewahi mkate. Ndege yenyewe Cessna Caravan, bawa liko juu ya madirisha, kwa hivyo halizibi kitu. Upepo ni wa kaskazi, tukapaa kuukabili, kuelekea kaskazini: mabati yenye kutu ya Mji Mkongwe, kisha kisiwa cha Changuu. Baadaye kisiwa cha Mnemba, kijani kidogo kimezungukwa na mchanga, halafu mwamba wenye maji ya rangi nisiyoijulia jina. Jua lilikuwa kulia, wenzangu wa huko wamefumba macho.

Karibu na Chake Chake, tunakotua Pemba, nikakiona kisiwa cha Misali. Mama mmoja nyuma yangu akaniambia, "Mwanangu, sogeza kichwa na sie tuone."

Kurudi nikataka upande wa kulia, maana mandhari yale yale yamegeuka upande. Nikachelewa, nikapata kushoto, kioo kimekwaruzika hadi kimekuwa cheupe. Nikalala mpaka Unguja.