Asubuhi mzima, jioni kope limeshuka: miasthenia gravisi hufanyaje kazi?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Dada yangu amegunduliwa kuwa na miasthenia gravisi, na daktari ametueleza kuwa kinga ya mwili wake inaushambulia mwili wenyewe. Kinachonitatiza ni kwamba asubuhi anazungumza na kula bila taabu, lakini ifikapo jioni kope la kushoto limeshuka, anaona vitu viwili viwili, na taya linamchoka kabla hajamaliza kutafuna. Baadhi ya jamaa wanasema anajidekeza. Kama misuli ni mibovu, mbona inapona usiku?

Jibu la kwanza

Pole sana. Misuli yenyewe si mibovu. Hitilafu iko pale neva inapokutana na msuli. Neva inapotaka msuli ukaze, ncha yake humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hupokewa na vipokezi vilivyo juu ya msuli, na kwa wagonjwa wengi kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, huviziba na kuviharibu vipokezi hivyo. Neva inapotuma amri mfululizo, kiasi cha asetilikolini kinachomwagwa hupungua, jambo lisilomdhuru mtu mwenye afya kwa sababu vipokezi vyake ni vingi kupita mahitaji. Dada yako hana akiba hiyo, ndiyo maana msuli unaotumika sana hulegea, na ukipumzishwa hurudiwa na nguvu.

Hao jamaa, waombe wamwangalie akitazama juu kwa dakika moja au mbili bila kushusha macho. Huenda wakaliona kope likiteremka polepole, na hilo hakuna anayeweza kulifanya kwa kudeka.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu tiba. Mwaka 1934 daktari Mary Walker wa Uingereza alionyesha kuwa dawa inayozuia asetilikolini isivunjwe haraka humrudishia mgonjwa nguvu kwa muda. Piridostigmini inayotumika leo hufuata njia hiyo hiyo: huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi na huisha nguvu baada ya saa chache, kwa hiyo wengi huimeza kabla ya mlo ili waweze kutafuna na kumeza. Haizuii shambulio la kinga. Kazi hiyo ni ya prednisoloni, azathioprini na nyinginezo. Muulizeni pia daktari kama tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, imepigwa picha, kwani takriban mgonjwa 1 kati ya 10 huwa na uvimbe hapo, na hata pasipo uvimbe kuiondoa huwasaidia baadhi ya wagonjwa.

Mwuliza swali

Nawashukuru mno. Juzi amepata kikohozi, na mtu amemshauri anunue antibiotiki mwenyewe.

Jibu la tatu

Tafadhali asinunue. Gentamaisini na siprofloksasini, kwa mfano, zinaweza kuzidisha udhaifu huu, na maambukizi ya kifua peke yake yanaweza kuuzidisha hadi ukafika kwenye misuli ya kupumulia. Aandike jina la ugonjwa wake kwenye kadi na kila mhudumu wa afya aionyeshwe kabla ya kuandika dawa. Akianza kupaliwa na maji, sauti ikatokea puani, au akashindwa kupumua vizuri akiwa amelala chali, mpelekeni hospitali papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.