Security+: maana za mashambulizi nazijua, logi ndo zinanishinda

Mleta uzi: Wakuu habari zenu. Najiandaa na mtihani wa cheti cha usalama wa mitandao cha CompTIA, Security+ toleo la SY0-701, nikiulizwa maana ya shambulio najibu freshi tu ila wakiniwekea kipande cha logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) naanza kubahatisha. Kinachonisumbua zaidi ni kughushi ARP (inayotafuta IP fulani ina MAC gani, yaani namba ya kadi ya mtandao) na kutia sumu DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa IP), maana zote mtumiaji anaishia mikononi mwa jambazi, sasa nyie mnazitofautishaje? Na maswali yanafika 90 kwa dakika 90, muda wa kukodoa macho haupo.

Paketi Moja: Mkuu jiulize nani kadanganywa. Kwenye ARP wanaodanganywa ni mashine zilizo LAN moja (mtandao wa ndani) na mshambuliaji, yaani unapiga amri ya arp -a inayoonyesha IP na MAC zake, unakuta 192.168.1.1 ambayo ndo ruta yenu na 192.168.1.37 zina MAC ile ile, hapo jibu ushalipata. Kwenye DNS hizo MAC utazikuta ziko safi kabisa ila jina la tovuti linaleta IP isiyo yake, na kama sumu imeingia kwenye kashe ya seva ya DNS (majibu iliyoyahifadhi) basi wote wanaoitegemea hiyo seva wanapotezwa, na jamaa wala halazimiki kuwa ndani ya LAN yenu.

Kitasa: Paketi Moja kamaliza. Mi naongezea mafuriko ya SYN (maombi ya kufungua muunganisho), watu wengi wanayachanganya na kuskani poti, yaani kupima milango ya mashine ipi iko wazi. Mafuriko utaona SYN_RECV (miunganisho iliyoishia katikati) zimejaa kwenye netstat, amri ya kuonyesha miunganisho, poti ni moja, mfano 443, na ACK ya mwisho (uthibitisho wa kukamilisha muunganisho) haiji, seva inabaki inasubiri mpaka foleni inajaa. Kuskani ni IP moja inagonga 21, 22, 23, 25, 80 na kuendelea, haing'ang'anii mlango. Na ukiona majibu ya UDP (paketi zinazotumwa bila kufungua muunganisho kwanza) yanamiminika kutoka poti 53, ambayo ni ya DNS, wakati hakuna aliyeuliza kitu, hiyo IP yenu imeghushiwa, seva za DNS za watu zinatumika kuwapiga.

Mleta uzi: Aisee nimeanza kupata picha. Na zile za pasiwedi je? Logi zote naona zimeandikwa login imefeli tu

Bibi Logi: Mwanangu we angalia safu ya majina. Jina moja linafeli mfululizo, hiyo ni kulazimisha kwa nguvu. Majina kibao, kila moja limefeli mara moja au mbili kutoka IP ile ile, huyo anapitisha pasiwedi moja kwa kila mtu ili akaunti zisijifunge, na logi haitakuonyesha pasiwedi aliyojaribu kwahiyo usihangaike kuitafuta.

Kitasa: Halafu fungua Wireshark (programu ya kuonyesha paketi), weka VM zako mbili (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yako), moja imskani mwenzake kwa nmap, programu ya kuskani poti, uone RST (paketi za kukataa muunganisho) zinavyorudi kwenye poti zilizofungwa. Ila kwenye netiweki ya ofisi bila kibali usithubutu, utapata barua ya HR kabla ya cheti 😂