Naomba ushauri: asiransi ya aliyenigonga haitaki kulipa yote

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hamjambo. Naomba msaada kwa mtu yeyote aliyekwisha kubishana na kampuni ya bima.

Nilikuwa nimesimama kwenye foleni barabara ya Kasapa, taksi-basi ikanigonga nyuma. Bampa ilipasuka, taa ya kushoto ikavunjika, na mlango wa buti haufungi tena. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Polisi wa rulaji (wa barabarani) walikuja wakaandika PV, yaani ripoti ya ajali, na dereva alikubali mbele yao kwamba kosa ni lake.

Sasa mtaalamu wa asiransi yake anadai mlango uliharibika tangu zamani, basi watalipa taa na bampa tu. Nina picha nilizopiga palepale, mlango unaonekana wazi, lakini hawataki hata kuziangalia. Inaniuma sana, maana gari hili ndilo linalolisha nyumba yangu.

Wanataka nitie sahihi karatasi ya makubaliano ndipo wanipe hizo pesa. Je, nikitia sahihi nitakuwa nimefunga mlango wa kudai zilizobaki? Najua sheria ya 2015 ilifungulia kampuni binafsi soko la bima, na ARCA ndiyo inayozisimamia. Kuna aliyewaandikia akajibiwa? Au nianze na mtaalamu mwingine asiyetumwa nao, na nani atamlipa? Makadirio ya fundi wangu wa Katuba ninayo tayari, pamoja na nakala ya PV. Sitatia sahihi mpaka nisikie kutoka kwenu.