Jieqi na kukosa usingizi kwa tulio China

Kutoka Harbin:
Habari zenu ndugu. Wenyeji hapa chuoni wanasema usingizi huharibika jieqi, yaani vipindi vya mwaka katika kalenda ya Kichina, zinapogeuka. Lina ukweli hilo? Na wanafunzi wapya wajiandae vipi?

Kutoka Beijing:
Salama, ndugu yetu. Jieqi ziko 24, kila moja siku kama 15, na zinafuata jua, si mwezi. Aliyekulia pwani azifikirie kama miongo ya nairuzi. Tarehe yenyewe hainyimi mtu usingizi. Kinachonyima ni mwanga na hewa, na jieqi hukuambia lini vinabadilika.

Kwetu Afrika Mashariki jua ni la kumi na mbili kwa kumi na mbili, karibu mwaka mzima. Beijing siku ya Xiazhi, siku ndefu kuliko zote, karibu 21 Juni, linachomoza saa kumi na moja kasorobo alfajiri na kuzama saa mbili kasorobo usiku. Huko Harbin ni saa kumi kasorobo, kumekucha! Basi pazia zito liwe limetundikwa kufikia Lixia, jieqi ya kuanza majira ya joto, yaani 5 Mei hivi. Lizidi dirisha sentimita 20 kila upande. Wengi hununua pazia zuri halafu mwanga unapenya juu ya fito na kuchora mstari mweupe darini. Ziba hapo kwa kitambaa. Bwenini tumia chuanglian, pazia la kitanda. Pima kitanda kwanza, na uchague lenye wavu juu, maana lililozibwa kote litakuamsha umelowa jasho.

Dongzhi, siku fupi kuliko zote, 21 au 22 Desemba, mambo hugeuka: Beijing jua hutoka saa moja na nusu. Wachina wa kale walishauri kulala mapema majira ya baridi na kusubiri jua ndipo uamke. Mwenye kipindi cha saa mbili hawezi, kwa hiyo atoke nje nusu saa kukishapambazuka. Kukaa dirishani hakutoshi, mwanga wa ndani ni hafifu mno.

Kisha mabomba ya kupasha nyumba joto. Beijing huwashwa 15 Novemba hadi 15 Machi, Harbin tangu 20 Oktoba. Hewa inakauka, pua inaziba, unaamka usiku koo linawaka. Weka mashine ya unyevu, kipimo kisome asilimia 40 hadi 50. Usitie maji ya bomba: yana chokaa, utakuta vumbi jeupe mezani. Huna mashine? Tandaza taulo mbili zilizolowa juu ya mabomba.

Kutoka Guangzhou:
Kusini hatuna mabomba hayo. Shida yetu ni huinantian, kati ya Februari na Aprili: kuta zinatoka jasho, shuka zina unyevu. Kosa kubwa ni kufungua madirisha ili kukaushe, kumbe ndiyo unauingiza. Funga, washa kiyoyozi upande wa kukausha saa moja kabla ya kulala.

Tena kabla ya kulaumu majira, tazameni simu. Nyumbani Afrika Mashariki wako nyuma saa tano, mwaka mzima. Wakipiga saa mbili usiku, hapa ni saa saba.

Kutoka Beijing:
Kweli kabisa. Nyongeza moja: maduka ya dawa za asili huuza suanzaoren, mbegu za kunazi-mwitu zinazotumiwa kutafuta usingizi. Mjamzito au anayetumia vidonge vya usingizi asizinywe kabla ya kumwona daktari. Na usiku mbovu ukifika mitatu kwa wiki kwa miezi mitatu, achaneni na mapazia. Nendeni hospitali, ulizeni shuimian ke, idara ya usingizi, au shenjing neike, idara ya mishipa ya fahamu, kama haipo.